Jezi Zilizorudi Kavu

Jezi namba sita ilirudi kavu.

Mama Jezi aligundua kwa mkono kabla ya macho. Alikuwa kwenye karo la nyuma ya uwanja, mtoto mgongoni, anazigeuza jezi ndani nje moja moja kama alivyofanya kila baada ya mechi. Jezi ya mtu aliyekimbia dakika tisini huwa nzito kama taulo lililoloa, na kwa miaka mitatu ya kuzifua alikuwa amefika mahali pa kumjua mwenyewe kwa harufu. Ya kipa ilinuka majani na glavu kuukuu. Ya winga wa kushoto ilinuka dawa ya kuchua. Hii ya namba sita ilikuwa na tope begani alipoangukia na kijani cha nyasi kifuani, lakini jasho haikuwa nalo hata tone. Tena ilikuwa baridi, na ilinuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

Namba Sita alipopita kwenda bombani, Mama Jezi akamuuliza.

"Kaka, leo umevaa jezi mbili?"

"Ya pili niitoe wapi, dada? Si unajua tuna seti moja tangu mwaka juzi. Hizi zikichanika tutacheza vifua wazi."

Akacheka, na mdomo wake wa chini ukapasuka katikati. Haukutoa damu. Akafungua bomba, akanywa, akanywa, mpaka Mama Jezi akaona haya kuendelea kumtazama.

Ndani wenzake walikuwa wanaimba. Walikuwa wameshinda tatu bila, ushindi wa kwanza baada ya mechi tisa, na Namba Sita alifunga mawili. Alikimbia siku hiyo kama mtu anayefukuzwa.

Klabu ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo. Zilibaki mechi sita, na timu tatu za mkiani zingeshuka daraja. Mishahara haikuwa imetoka kwa miezi minne. Wachezaji walikula mara moja kwa siku na bado walifika mazoezini saa moja asubuhi. Kipa wao, jitu refu waliloliita Ukuta, kila siku alikuwa akipewa mkate mmoja na mwenye duka la jirani, na kila siku nusu yake aliiacha juu ya ndoo ya Mama Jezi bila kusema kitu. Mtoto, msichana wa miezi kumi na moja asiyejua bado kutamka neno, alikuwa akiketi katikati ya mipira kama mwenye timu. Wakamwita Kapteni.

Siku kumi kabla ya ushindi ule, Mwenyekiti wa klabu alikuwa amewakusanya wote kwenye chumba cha kuvalia. Alikuwa mtu wa manukato mazito na maneno mepesi. Ofisi ya ligi ilikuwa imeleta barua: klabu yoyote inayodaiwa na wachezaji wake zaidi ya miezi mitatu itakatwa pointi sita.

"Wanangu," alisema, "mkisaini hapa kwamba mmepokea, ligi watatulia. Tukibaki juu, wafadhili watakuja na mtalipwa yote. Tukikatwa pointi tumeshuka, na tukishuka hakuna wa kumlipa mtu."

"Yaani nisaini nimepokea, na hata nauli ya kurudi nyumbani sina?" aliuliza Ukuta.

"Kazi yako ni kudaka mpira, Ukuta, usidake na maneno yangu."

Watu wakacheka kidogo. Namba Sita akachukua kalamu wa kwanza, kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa na alitaka kuwahi saa za kuwaona wagonjwa. Wengine wakafuata, pamoja na kocha. Mama Jezi alikuwa wa ishirini na tano. Kila mmoja aliandika jina, akaandika neno "Nimepokea", akaweka saini.

Aliyewashikia karatasi alikuwa mhasibu, mzee mwembamba waliyemwita Babu Hesabu. Naye hakuwa amelipwa, lakini kila Ijumaa alimletea mtoto pakiti ya maziwa, akidai kwamba ameinunua kwa bahati mbaya.

"Bado mfanyakazi mmoja," alisema, huku akimtazama mtoto mgongoni kwa mama yake. "Huyu hakosi mazoezi hata siku moja. Namwandika mwokota mipira. Siku mshahara ukitoka, naye apate hela ya maziwa."

Akachukua kidole gumba cha mtoto, akakibonyeza kwenye wino, akakigandamiza chini kabisa ya orodha, mbele ya neno "Nimepokea". Wa ishirini na sita. Mtoto akakitia kidole mdomoni, vijino vyake vinne vikawa vya bluu, na chumba kizima kikacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mama Jezi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa siku nyingi baadaye aliukumbuka wema ule, na ukamkaa kooni kama mfupa.

Ilibaki nafasi moja tupu juu ya karatasi, pale palipoandikwa Mlipaji.

"Saini, mzee," alisema Mwenyekiti.

"Mimi sijamlipa mtu, Mwenyekiti. Siwezi kuandika kwamba nimelipa."

"Basi hata mimi siwezi. Mimi nina jina mjini."

Karatasi ikalala mezani, ofisi ikafungwa. Asubuhi iliyofuata nafasi ilikuwa na saini, ndefu, nzuri, ya wino wa kahawia. Mzee alidhani Mwenyekiti amejipa moyo. Mwenyekiti alidhani mzee amelegea. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana kila mmoja alifurahi kwamba jina lile si lake. Nakala ikaenda ligi. Karatasi yenyewe ikafungiwa kwenye kabati la chuma la Mwenyekiti.

*

Mechi iliyofuata zilirudi jezi tano kavu. Walishinda tena. Iliyofuata zilikuwa tisa.

Mashabiki waliokuwa wakiwarushia maganda sasa walibeba wachezaji mabegani, na waliowabeba walishangaa jinsi walivyokuwa wepesi. Wachezaji hawakuhema tena. Walimaliza dakika tisini wakiwa wamesimama wima, vifua vimetulia kama vya watu waliotoka kulala, midomo imepauka, macho hayapepesi. Kwenye chumba cha kuvalia hakuna aliyeimba. Walikaa kwenye benchi wakipokezana ndoo ya maji, na hakuna aliyekwenda msalani.

Mchana mmoja wa mazoezi, jua likiwa utosini, Mama Jezi alikuwa anaanika soksi alipomwona Kapteni anapungia mkono majukwaa. Majukwaa yalikuwa matupu, isipokuwa mstari wa juu kabisa, ambako alikuwa ameketi mwanamume wa suti safi, karatasi mapajani. Alikuwa anafunua ukurasa polepole, na kila mara kabla ya kufunua alilowesha kidole kwa ulimi, na ulimi ule ulikuwa mwekundu na mbichi na unameremeta hata kwa umbali ule, kana kwamba maji yote yaliyokosekana pale uwanjani yalikuwa kinywani mwake. Upepo ukaleta harufu ya njiti iliyozimwa. Kisha akasikia, karibu kabisa na sikio, sauti ya kalamu ikikwaruza karatasi.

Alipogeuka kumwita Ukuta, mstari wa juu ulikuwa mtupu.

Mama yake Namba Sita alifariki wiki hiyo. Mwanawe alisimama kaburini na wenzake, uso umekunjamana kwa kilio, sauti inatoka, chozi halitoki. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba kijana huyu ana moyo mgumu. Namba Sita alisikia. Akamgeukia Mama Jezi na kumwambia chinichini, "Dada, nalia. Mungu wangu, nalia, mbona hayatoki?" Akawa anayasugua macho kwa ngumi, na macho yakawa yanatoa mlio, kama karanga kavu zinazosuguliwa kiganjani.

Siku nne baadaye hakufika mazoezini. Ukuta alimkuta chumbani kwake, mdomo kwenye bomba lililoachwa wazi, maji yamejaa hadi mlangoni, naye kakauka katikati ya maji hayo. Ukuta alimbeba peke yake, kwa mkono mmoja. Aliposimulia hayo, alikuwa anautazama mkono ule kama si wake.

Mwenyekiti alisema ni presha ya mpira. Alitoa sanda nzuri. Akaomba kila mtu ajikaze, mechi zimebaki mbili.

*

Babu Hesabu ndiye aliyeona mpangilio. Alimfuata Mama Jezi karoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwanangu, ya kwanza kukauka ilikuwa jezi ya nani?"

"Namba Sita."

"Na nani alisaini wa kwanza?"

Mama Jezi akaacha kufua.

"Nimeuliza mmoja mmoja," mzee aliendelea, sauti imeshuka. "Inakwenda vilevile walivyofuatana kusaini. Jana imemfikia kocha, wa ishirini na nne. Ile saini ya mlipaji si yangu. Jana nimempeleka Mwenyekiti pembeni nikamuuliza. Si yake."

"Basi ni ya nani, babu?"

Mama Jezi hakungoja jibu. Alimgeuza mtoto kutoka mgongoni, akamweka kwenye titi. Kapteni alinyonya mara mbili, akaachia, akamtazama mama yake kwa mshangao, akanyonya tena, akaanza kulia. Mama Jezi akakamua. Asubuhi titi lile lilikuwa limelowesha gauni. Sasa halikutoa hata utelezi.

Wa ishirini na tano alikuwa yeye.

Wakatazamana, mzee na mama, na hakuna aliyethubutu kuitaja namba inayofuata.

Jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama, walikwenda kwa Fundi Magodoro, mtu wa makamo aliyeshona magodoro kwenye kibanda chenye vumbi la pamba, na ambaye watu walimwendea kwa shida zisizo na jina. Hakuwa na ubani wala ngoma. Aliendelea kushona huku anasikiliza, na alipomaliza kusikiliza akakata uzi kwa meno.

"Mlisema mmelipwa, na hakuna aliyekuwa amewalipa. Mkaacha nafasi ya mlipaji wazi," alisema. "Yupo aliyeikuta wazi akaingia. Sasa ninyi ni watu wake. Anakula jasho lenu kwanza. Jasho likiisha, anakula maji mengine."

"Tuichome karatasi?"

"Mkiichoma, mtakanusha juu ya nini? Ileteni hapa. Kila aliyesaini aje, aseme kwa mdomo wake mwenyewe 'Sikupokea', akate jina lake kwa mkono wake. Hapo anatoka."

"Na huyu?" Mama Jezi alimwinua Kapteni. "Aliwekwa alama ya kidole gumba."

Fundi aliiweka sindano chini. Alimtazama mtoto, kisha akamtazama mzee, na mzee akainamisha kichwa.

"Mkono nitamshikia," alisema Fundi. "Mdomo siwezi kumwazima."

*

Mwenyekiti alikataa. Aliwasikiliza wachezaji wote wamejaa ofisini kwake, wamesimama kimya kama nguo zilizotundikwa, akatikisa kichwa kwa upole.

"Mkikanusha, ligi wanatukata pointi sita. Tumebakiza mechi moja, na sare tu inatosha. Mnataka kuniangusha sasa hivi? Nani hapa anaumwa? Nawaona wazima, tena mnakimbia kuliko zamani."

"Mwenyekiti, mwenzetu amekufa," alisema Ukuta.

"Na ninyi mkichezea daraja la chini mtakufa njaa. Mechi ikiisha, karatasi ni yenu, mkafungie maandazi."

Yeye jasho lilikuwa linamtoka. Lilimtiririka shingoni mpaka kwenye kola, na watu wote mle ndani walilitazama kwa kiu.

Asubuhi ya mechi ya mwisho, Babu Hesabu alivunja kabati la chuma kwa nyundo. Mzee ambaye maisha yake yote hakuchukua hata kalamu ya ofisi alitembea hadi kwa Fundi Magodoro na karatasi ndani ya shati. Wachezaji walikuwa wamejipanga nje. Saini ya mlipaji ilikuwa bado mbichi. Ilimchafua mzee kifuani rangi ya kahawia.

Waliingia mmoja mmoja. "Sikupokea," alisema winga wa kushoto, akakata jina lake, na palepale jasho likamruka usoni kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Kocha alilia machozi mpaka kamasi. Ukuta alisema "Sikupokea" kwa sauti iliyotikisa magodoro, kisha akakaa chini, akahema, akahema, akicheka kwa jinsi kifua kilivyomuuma. Na kila jina lilipokatwa, kalamu isiyoonekana ilikwaruza kwa hasira mahali fulani ndani ya pamba. Mama Jezi alisema lake wa mwisho. Maziwa yakashuka kwa uchungu, yakalowesha gauni mpaka kiunoni.

Jina la Namba Sita halikuwa na wa kulikata. Limebaki vilevile.

Fundi akakishika kidole cha Kapteni na kupitisha mstari juu ya alama yake. Mstari ukafyonzwa, kama maji kwenye mchanga.

"Alikuwa na wengi, sasa amebaki na mmoja," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu anayehurumia. "Mama, sikiliza. Mtoto huyu hajatamka neno. Neno lake la kwanza likiwa 'Sikupokea', ametoka. Mfundishe hilo. Usimfundishe jingine lolote, hata 'mama'."

Mchana ule wachezaji waliingia uwanjani na miguu yao wenyewe, miguu ya watu wenye njaa ya miezi mitano. Walifungwa manne bila. Walishuka daraja. Mashabiki waliwatukana mpaka basi lao likapotea, na Mwenyekiti alijiuzulu jioni hiyo bila kumlipa mtu, akaondoka na afya yake njema. Jezi zilirudi zimelowa chapachapa, zinanuka majani, dawa ya kuchua, wanadamu. Mama Jezi akazika uso wake ndani ya jezi hizo.

*

Alimfundisha mtoto siku arobaini.

Alimfundisha akimwogesha, akimlisha, akimbeba. "Sema si-ku-po-ke-a, mwanangu. Si. Ku." Ndani ya nyumba aliwakataza watu kusema neno jingine karibu naye. Ukuta, aliyepata kibarua cha kubeba saruji, alikuja kila jioni na nusu mkate wake, akakaa sakafuni, akaimba neno hilohilo kama wimbo wa mpira, akipiga makofi. Babu Hesabu alikuja na pakiti ya maziwa na hakuweza kumtazama mtoto usoni. Kapteni aliwacheka wote. Ngozi yake ilikuwa inapauka. Alinyonya bila kuchoka, na hakuna aliyejua maziwa yanakwenda wapi.

Siku ya thelathini na nane akasema, "Si." Mama Jezi alipiga kelele ya furaha hadi jirani akaja. Siku ya thelathini na tisa, "Siku." Ukuta alimrusha juu, akamdaka, akamrusha tena, machozi yanamtiririka.

"Kesho, dada," alisema. "Kesho anamaliza, Kapteni wetu."

Kesho yake, saa sita ya mchana, Mama Jezi alimketisha kwenye mkeka mlangoni, kwenye mwanga mweupe kabisa, ili asikose hata mjongeo wa midomo. Nepi alizomvua tangu asubuhi zilikuwa kwenye beseni, zote tatu. Alikuwa amezikunja haraka bila kuzigusa sana, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshamwambia na yeye hakutaka kusikia.

"Sema, mama yangu. Siku…"

Kapteni alifungua mdomo. Kisha akautazama mlango, juu ya bega la mama yake, kama anavyotazama mtu anayemfahamu, na usoni akatabasamu, na ndani ya chumba, taratibu, kukaanza mkwaruzo wa kalamu. Mama Jezi hakugeuka. Alimshika mtoto mashavu, akamwita, akambembeleza, akasema neno lile mara kumi bila kuvuta pumzi, na harufu ya kiberiti ikawa inasogea, ikamfikia kisogoni, ikampita.

Mtoto akanyoosha mikono miwili pamoja, viganja juu, kama mtoto aliyefundwa adabu anapopewa kitu na mkubwa.

"Nimepokea," alisema, kwa sauti safi, bila kukosea hata silabi.